Sanduku la Miguu la Papa Evaristi

Nilipokuwa mtoto niliamini, kwa moyo wote na kwa tumbo pia, kwamba mpiga picha wa mtaa wetu alikuwa na sanduku la bati lililojaa miguu ya watu. Miguu yenyewe, yenye vidole na kucha na visigino vilivyopasuka. Nilijua hata jinsi ilivyopangwa humo ndani: ya wanaume chini kwa sababu ni mizito, ya wanawake juu, na ya watoto imesukumwa pembeni, kama mama anavyosukuma vitunguu vidogo mahali palipobaki wazi katika gunia.

Habari hiyo niliipata kwa Kasimiri, mtoto wa jirani, ambaye alinizidi umri kidogo na kwa hiyo alikuwa chuo kikuu changu cha kwanza. Kasimiri alieleza mambo kwa utulivu wa hakimu.

"Angalia foto ya Papa yako mu karti yake," aliniambia, maana yake kitambulisho. "Kichwa kiko. Mabega iko. Miguu iko wapi?"

Nikatazama miguu yangu mwenyewe.

"Basi. Foto inakamata ile inaingia. Ile haiingii inabakia kwake Papa Evaristi. Utazani anaitupa? Anaitia mu sanduku."

Kama nilikuwa na shaka, alikuwa na ushahidi. Mlinzi mzee wa bohari ya bandarini alitembea na mguu wa mti. "Yule alienda kupiga foto," Kasimiri alisema, "akasimama vibaya." Mguu wake wa kweli mzee yule aliupoteza chini ya winchi kabla mimi na Kasimiri hatujazaliwa, lakini nani angemuuliza? Tulimwonea huruma kwa mbali. Na ninyi wa umri wangu mnaocheka sasa, kumbukeni kwanza yale mliyoyaamini ninyi, ndipo mrudi kunicheka.

Jambo hili lilikuwa limezikwa ndani yangu chini ya mizigo mingi, pamoja na diploma ya masomo ya jioni niliyoipata nikiwa tayari na mvi na wajukuu. Msimu huu wa mvua paa la Shangazi Monika likatoboka. Nilikwenda kwake mtaa wa Kataki kumsaidia kuhamisha vitu, maana tundu lenyewe lingepitisha mtumbwi na wapiga kasia wake. Nilipoinua gunia moja la zamani, kikaanguka kiatu cheupe cha kike chenye kisigino kirefu, kisha mwenzake. Vilinuka ngozi iliyolowa, na nyuma ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, nyembamba, kama siki. Nikasimama na gunia mkononi kama mwizi aliyesahau njia ya kutokea. Chumba cha Papa Evaristi, na dawa zake za kuoshea picha, ndicho kilichonuka hivyo.

Mji wetu wakati huo ulikuwa bado unaitwa Albertville. Nkambo, mama yake Papa wangu, hakulitamka jina hilo hata mara moja. Kwake mji mzima uliitwa "ku gare," yaani stesheni, kwa sababu mambo yote yalifikia huko kwenye treni, na mengine yakaondokea huko huko. Papa Evaristi alikuwa na chumba kimoja karibu na gare hiyo. Alikuwa mrefu, na mwembamba kiasi kwamba alipogeuka upande ulimpoteza. Ukutani kilitundikwa kitambaa kikubwa alichokichora mwenyewe: ngazi inayopanda isikojulikana, ndege angani, na ziwa lenye meli nyeupe. Ziwa la kweli lilikuwa nyuma ya nyumba, ungeweza kulitemea mate kutoka dirishani, lakini watu walivaa nguo za Jumapili wakaja kusimama mbele ya lile la kitambaa. Lile halikuwa na harufu ya ndagala, dagaa wetu.

Kazi iliyomlisha ilikuwa picha za karti na za komunio ya kwanza. Kazi aliyoipenda ni nyingine. Aliandika habari za wapiga gitaa, wachonga ngoma na wachezaji wa mji wetu, akazituma kwa gazeti moja la Elisabethville, mji mkubwa wa kusini. Aliandika kwenye meza ya baa, akisoma kwa sauti kila sentensi, huku wenye chupa wakimwomba ahamie meza ya mbali. Hakuna aliyeelewa faida yake.

"Kucheza watu wanacheza," Nkambo alisema. "Yeye anaandika nini? Anaandikia viziwi?"

Na gazeti lenyewe halikuelewa vizuri zaidi. Alituma habari za mchonga ngoma, wakachapa picha ya mkubwa fulani akikata utepe. Alituma habari za orkestra, wakamjibu kwamba nafasi ni ndogo, atume kichwa cha mtu mmoja tu. Nilimsikia akimlalamikia Papa wangu, aliyekuwa karani wa bandari na msikilizaji mwenye subira: "Nawatumia ziwa, wananiomba kikombe."

Shangazi Monika alikuwa mdogo wa Papa wangu na aliishi kwetu. Mimi aliniita Papa, kwa sababu nilibeba jina la baba yake, na aliponipiga aliomba kwanza radhi kwa marehemu. Siku za kazi aliuza vitumbula mbele ya kiwanda cha nguo. Jumapili mchana alicheza katika ua wa baa iliyokuwa karibu na mto Lukuga, na hapo, msinibishie, watu walisahau chupa zao mpaka nzi wakalewa. Cha-cha-cha ilipoanza, vumbi lenyewe lilimngoja ainue mguu ndipo lipande.

Mwenzake wa kucheza alikuwa Lukasi, kijana wa treni ya Kabalo, kazi yake kufunga na kufungua mabehewa. Siku moja mpira wangu wa matambara ulifumuka mbele yake. Akaketi juu ya jiwe, akachomoa kamba ya kiatu chake cha kushoto, akaufunga mpira ukawa mgumu kama nilivyokuwa sijawahi kuona.

"Na kiatu?" nikamuuliza.

"Kiatu kinajua njia," akasema.

Tangu siku ile kiatu chake cha kushoto kilifungwa na uzi mnene wa wavu aliopewa na wavuvi, wenye mafundo mafundo, ncha yake ikining'inia kama mkia wa panya. Kilimtambulisha mtaani kabla sura yake haijafika.

Lukasi hakuingia kwetu. Alisalimia akiwa barabarani. Ilikuwa miaka ile mtu alipoulizwa kwanza anatoka wapi, ndipo akasalimiwa, naye alitoka upande wa Ankoro, na kwetu hilo lilikuwa kosa tosha. Papa wangu, mpole yule ambaye hata kuku alimfukuza kwa adabu, alimwambia dada yake maneno mawili tu: "Yule, hapana." Shangazi akaenda kukanda unga wa vitumbula. Aliendelea kucheza Jumapili, na Papa akaendelea kutouliza alicheza na nani.

Jumapili hizo Papa Evaristi naye alikuwepo, na tabia yake ilikuwa ya ajabu. Wapiga picha wengine husimama. Yeye alilala kifudifudi vumbini na kamera yake, katikati ya wanaocheza, mpaka karani mmoja mlevi akammwagia bia mgongoni na kumuuliza anachungulia nini chini ya wake za watu. Akasimama, akajipangusa, akasema anatafuta kifuniko cha kamera. Kila Jumapili alitafuta kifuniko kile kile. Kasimiri na mimi tulitazamana: alikuwa akichagua miguu.

Basi wazia hofu yangu alipokuja nyumbani kumwomba Papa ruhusa ya kumpiga picha Shangazi Monika. Alikuwa ameandika habari ndefu ya wachezaji wa ziwa, na gazeti lilikubali, safari hii kweli, kuichapa. Shangazi hakulala kwa furaha. Wakati huo alikuwa ametoka kununua viatu vyeupe kwa mama mmoja mchuuzi wa samaki aliyevileta kutoka Kigoma, viatu vilivyokula vitumbula vya msimu mzima, na kwa hesabu yake Elisabethville yote ilikuwa ikivingoja.

Nilikwenda naye. Nilikataa kubaki nyumbani. Mtu lazima awepo kuilinda ile miguu. Shangazi akasimama mbele ya ngazi ya kitambaa, kiatu kimoja mbele, kingine kimeinuka kisigino, kama mtu anayesubiri gitaa lianze. Papa Evaristi akasogea karibu. Akasogea tena.

"Papa Evaristi, viatu inaonekana?"

"Simama vizuri, Monika."

"Niko nasimama. Nauliza viatu."

"Angalia hapa. Kama vile unasikia muziki."

Mnaona wenyewe kwamba hilo halikuwa jibu. Nadhani hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba gazeti liliagiza kichwa tu, upana wa vidole viwili. Akamwacha asimame na viatu vyake vizuri mpaka mwisho, na upole huo ulimgharimu kuliko ukali.

Picha aliileta mwenyewe siku chache baadaye, imefungwa kwa karatasi safi. Shangazi akaifungua mbele yetu sote. Uso wake ulikuwa pale, na hata mimi niliona kwamba ulikuwa ukicheza. Shavu moja lilikuwa limeshasikia muziki na jingine bado. Picha iliishia kifuani.

Shangazi akaigeuza nyuma. Nyuma kulikuwa kweupe.

"Miguu yangu iko wapi?"

"Monika, kucheza kwako kunaanzia mu uso..."

"Mi nilivaa viatu ionekane na nani? Na panya wa nyumba yako?"

"Gazeti njo liliomba vile."

"Basi gazeti livae viatu."

Nkambo akachukua picha, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaitingisha kidogo kana kwamba miguu ingedondoka. "Huyu mutu amemukata mutoto yangu," akasema polepole. Mimi nikarudi nyuma ya mlango, nikahesabu vidole vya miguu yangu. Kasimiri alikuwa amesema kweli.

Na siku zile zile miguu ya Shangazi ikakataa kazi. Sikutunga hili. Alilala mkekani, akageukia ukuta, na kila aliyemuuliza alijibiwa: "Miguu inaniuma." Vitumbula vikakoma. Jumapili ikaja na cha-cha-cha yake, tukaisikia kutoka uani kwetu, naye hakuinua hata kidole. Nkambo alimpaka mawese, akamfunga majani, akamketisha kila asubuhi na miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Alipokwenda msalani alijikokota kama kizee. Kilichonichoma ni kwamba watu wazima wote walijua sababu na hakuna aliyefanya kitu. "Ile foto," majirani walisema, wakatikisa vichwa, wakaomba chumvi. Nilimwambia Papa aende kudai miguu ya dada yake. Akaniambia nikaoge.

Juma hilo hilo treni ya Kabalo haikurudi. Hilo nalo nililisikia, kama nilivyosikia kwamba mvua imechelewa. Wakubwa walilizungumza kwa sauti ya chini na kunyamaza tulipopita, lakini wakubwa wa miaka ile walinyamazia kila kitu, mtu angedhani hata bei ya mihogo ni siri. Niliona tu kwamba Lukasi hakusalimia tena kutoka barabarani, na mpira wangu ulikuwa umeanza kulegea.

Nikaamua kwenda mwenyewe.

Papa Evaristi alikuwa peke yake, akikata picha za karti kwa mkasi, vichwa vikidondoka mezani kimoja kimoja. Jambo hilo halikunitia nguvu. Nilisimama mlangoni, nikasema yote kwa pumzi moja: "Papa Evaristi, Nkambo hakunituma, nimekuja kukamata miguu ya Shangazi."

Akaweka mkasi chini. "Nani alikuambia niko na miguu?"

"Kila mutu anajua."

Nilitegemea anifukuze. Badala yake uso wake ukafunguka taratibu, kama dirisha la nyumba iliyofungwa muda mrefu. "Kila mutu anajua," akarudia, "na hata mumoja hakuja kuiona." Akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Akafungua.

Ilikuwamo. Naapa ilikuwamo, na ilikuwa mingi kuliko Kasimiri alivyosema: miguu ya wavuvi juu ya nyavu, ya mabibi sokoni imekunjwa chini ya vitenge, ya wahudumu wa misa ikichungulia chini ya kanzu, viatu vya watu wa treni vimepangwa juu ya reli. Na miguu inayocheza, vumbi limepanda mpaka kwenye vifundo. Yote ilikuwa bapa na myepesi, imekauka, ina rangi ya kijivu. Nikaelewa papo hapo. Tulikuwa watoto wa ziwa. Kitu kidogo cha kijivu kilichokaushwa kikawa bapa, kikapangwa kwa wingi katika sanduku, tulikijua tangu kuachishwa ziwa la mama. Alikuwa ameianika kama ndagala.

Yeye alikuwa akizungumza, na ninakumbuka maneno yake kwa sababu sikuyaelewa. "Sura inajua kama kamera iko. Inajipanga, inadanganya. Muguu haujui. Muguu unasema ile unasikia." Akainua picha moja baada ya nyingine kwenye mwanga wa mlango. "Niliandikia gazeti habari ya miguu ya huu muji. Walinijibu, Evaristi, tutumie kichwa." Alicheka, kisha akaacha kucheka kabla kicheko hakijaisha. "Sasa mukubwa wa kwanza kuniomba miguu njo wewe, na huna hata meno yote."

"Ya Shangazi," nikamkumbusha. Mzungumzaji akianza, lazima umrudishe kwenye jambo.

Akatafuta. Akakuta. Akaitazama muda mrefu kuliko nyingine, akanitazama mimi, akaniuliza swali ambalo niliona halihusiani: "Monika analia?"

"Hapana. Analala tu."

"Basi umupelekee. Mupe yeye mwenyewe, mu mukono wake. Usimuonyeshe mutu."

Niliitazama njiani. Viatu vyeupe vya Shangazi vilikuwamo vyote viwili, kimoja hewani. Lakini katikati yao kulikuwa na viatu vingine, vya mwanamume, na cha kushoto kilifungwa kwa uzi mnene wenye mafundo, ncha ikining'inia. Nikakaa chini barabarani. Kumbe na Lukasi! Miguu ya Lukasi ilikuwa sandukuni wakati wote huu, naye huko Kabalo amekaa juu ya reli kama mzigo usio na mwenyewe, akingoja. Treni ingerudije na mfungaji wa mabehewa hana miguu? Sijawahi kuelewa mambo ya nchi kwa uwazi kama nilivyoyaelewa dakika ile, hata baada ya masomo ya jioni. Nikainuka nikakimbia, nimebeba watu wawili.

Mkononi, alisema. Lakini mtoto wa Albertville hakuhitaji kufundishwa jinsi ya kurudisha kitu kilichoanikwa. Ndagala mkavu huloweshwa katika maji ya moto, akanenepa, akawa samaki. Na Shangazi, kwa bahati, alikuwa ameketi uani na miguu ndani ya beseni, macho yake hayapo, Nkambo akichochea moto nyuma ya jiko. Nikapiga magoti kama ninayetaka kuongeza majani, nikaichovya picha ndani ya maji, karibu kabisa na vidole vyake, nikangoja inenepe.

Ikapanda juu ya maji. Ikageuka, ikaelea kati ya vifundo vya Shangazi na ule uzi wa wavu ukitazama mbinguni.

Aliitazama bila kusogea. Kisha akaichukua kwa vidole viwili, akaipangusa kwa ncha ya kitenge, mbele, nyuma, tena mbele. Midomo yake ikafanya kama inataka kuhesabu. Nilingoja aamke. Badala yake akainama juu ya magoti yake, na sauti ikatoka ambayo sikuwa nimeisikia kwa mtu mzima, ndogo, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika.

Nkambo akaja mbio na mwiko. Alipofika picha ilikuwa tayari ndani ya nguo za Shangazi. Aliona beseni, machozi na mimi nikiwa na mikono iliyolowa.

"Ni nini? Muguu tena?"

Shangazi akatikisa kichwa kukubali.

"Njo ile foto? Njo yule Evaristi?"

Nilimwona Shangazi akinitazama, akaitazama barabara, akamtazama mama yake. "Ee, Mama," akasema. "Njo ile foto."

Nkambo hakuvua hata aproni. Alikwenda na mwiko wake, akiwakusanya wanawake nyumba kwa nyumba, na kelele waliyoipiga mlangoni kwa Papa Evaristi nadhani ilivuka ziwa ikazuia watu wa Kigoma kula. Nilikimbia nyuma yao nikivuta kitenge cha huyu na cha yule: Nkambo, ameshairudisha, Mama, nimeileta mimi, iko nyumbani. Hakuna aliyeinama. Mtoto akisema kweli wakati wakubwa wamekasirika, ni kama anapigia filimbi treni iliyokwisha pita. Papa Evaristi alisimama mlangoni, mwembamba, akawasikiliza mpaka wakachoka.

"Umemufanya nini mutoto yangu?" Nkambo alimuuliza mwishowe.

Nilingoja ajitetee, mtu yule wa maneno mengi. Akasema, "Nilipiga foto vibaya, Mama. Munisamehe." Basi.

Tangu hapo kazi yake ikafa. Watu wa karti wakaenda kwa mwingine upande wa pili wa mji, maharusi hivyo hivyo, na akinamama waliwafunika watoto wao walipopita dirishani kwake. Kisha gazeti likafika. Papa wangu alilileta kutoka biro yake ya kazi bandarini, akalifungua mezani. Uso wa Shangazi ulikuwamo, upana wa vidole viwili, kama walivyoagiza. Habari ndefu ya wachezaji wa ziwa haikuwamo, hata mstari. Walikuwa wameuweka uso ule juu ya tangazo la sabuni ya kufulia.

Papa alilipeleka kwa mpiga picha, nami nikafuata. Papa Evaristi alilisoma tangazo lote, mpaka bei. "Basi ni sabuni nzuri," akasema. Akalikunja gazeti dogo, dogo zaidi, mpaka halikuweza kukunjika tena.

Aliondoka mwisho wa kiangazi, kwa meli ya kwenda Kigoma. Kitambaa chenye ziwa alikiacha ukutani, sanduku akalibeba mwenyewe begani. Alipita mbele ya kwetu. Shangazi alikuwa mlangoni, siku ile amesimama, na nilidhani atamtukana. Yeye alimsalimu tu kwa kichwa, naye akaitikia kwa kichwa, kama watu wawili waliokwisha maliza mazungumzo. Baadaye niliuliza habari zake kwa wachuuzi wa ziwa, na nilipokuwa mkubwa nikatazama majina madogo chini ya picha za magazeti yote yaliyopita mikononi mwangu. Sijui kama alipata mhariri wa miguu. Inanikera mpaka leo, kama kibanzi kilichoota ngozi juu yake.

Shangazi alipona, kama wanavyopona watu. Aliuza vitumbula, akaolewa na mgane wa kutoka Mpala, akazaa, akazika, akazeeka. Kucheza hakucheza, hata katika harusi yangu, ambayo wote wanakubali ilikuwa harusi kubwa kuliko zote zilizowahi kufanyika ukingoni mwa ziwa. Mtaani ikabaki habari iliyonyooka: kulikuwa na mpiga picha aliyemharibia miguu. Mimi, nilipopata elimu, niliondoa uchawi nikaweka sayansi. Nilieleza watu kwamba ni hasira: msichana alinyimwa viatu vyake, moyo ukavunjika, mwili ukafuata. Ilikuwa nadharia nzuri. Nimeitoa katika vilio na katika ubatizo.

Niliitoa tena siku ya paa, viatu vyeupe mkononi, maji yakidondoka katika masufuria yote ya Kataki. Shangazi alikuwa ameketi juu ya kitanda akimenya mihogo, kwa maana mvua haizuii njaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono, nikampa viatu. Akaingiza vidole ndani ya kile cha kushoto, akatoa karatasi iliyojikunja kwa umbo la kisigino, akainyoosha juu ya paja lake. Siki ikajaa chumba. Miguu minne na uzi wa wavu.

"Papa Evaristi alijua?" nikauliza.

"Alijua. Yeye njo aliipiga."

Akachukua kisu chake tena.

"Miguu yangu haikuuma hata siku moja, Papa," akasema. "Lukasi alikufa Kabalo, na hakuwa bwana yangu. Mu nyumba ya Papa yako nisingeweza kumulilia. Watu walisema ni foto, nikasema ni foto."